Deni letu kwa muuguzi na mtoa damu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Aliyejaalia maradhi na akajaalia pamoja nayo tiba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. 

Ijumaa ya leo napenda tuzungumzie deni ambalo familia zetu nyingi zinadaiwa pasi na kujua kwamba zinadaiwa. Mgonjwa hupelekwa hospitali akiwa baina ya uhai na mauti, akahudumiwa, akapona, akarejea nyumbani. Sisi husema "Alhamdulillahi", tukachinja kuku, tukasoma dua, na habari ikaishia hapo. Neno hilo ni tukufu na ndilo la kwanza kusemwa. Lakini je, tukishalisema, tumemaliza tunayodaiwa? Sitaki kulijibu swali hili kwa kuwanyooshea wengine kidole, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliodhani wamemaliza.

Usiku wa Kasanda

Ilikuwa masika ya mwaka 2016, nyumbani kwetu Kasanda, katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma. Wilaya yetu ya Kakonko ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, lakini mazoea ya watu ya kuitazama Kibondo kila linapotokea jambo kubwa hayakumegwa. Baada ya swala ya Isha mke wangu alianza kulalamika maumivu makali chini ya kitovu, upande mmoja. Nilidhani ni chango. Yalipozidi nikaketi ubavuni pake nikamsomea kisomo, na niliendelea kumsomea hadi karibu na Alfajiri. Kisomo ni haki, na sijutii kumsomea. Ninachojutia ni kwamba nilikifanya kisomo kuwa sababu ya kungoja, hali Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Usama bin Sharik (R.A.) katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, aliwaamrisha watu wajitibu.

Kulipopambazuka alisimama, akaanguka, akazimia. Viganja vyake vilikuwa vyeupe. Majirani zetu, ambao wengi wao ni Wakristo kama ilivyo sehemu kubwa ya uplandi wetu, walifika kabla sijamaliza kuita. Walifunga machela, wakambeba kwa kupokezana mabegani hadi barabarani, kwenye tope, kwani wakati huo hatukuwa na lami. Mtaalamu wa afya wa hapo kijijini alimtazama mara moja tu akasema asicheleweshwe, apelekwe Kibondo.

Hospitalini tuliambiwa kuwa mimba ilitunga nje ya mji wa mimba, katika mrija, na mrija umepasuka. Damu ilikuwa ikimwagika ndani ya tumbo, isionekane kwa nje. Nalieleza hili kwa makusudi, ili mume au mama mkwe asomaye ukurasa huu alijue. Mwanamke aliyepitwa na siku zake, akashikwa na maumivu makali ya tumbo la chini, akasikia kizunguzungu au kuzimia, pengine na maumivu ya bega yasiyo na sababu, asingojeshwe hadi asubuhi. Hata kama hajijui kuwa ni mjamzito, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Alitundikiwa damu iliyokuwa imehifadhiwa, akaingizwa chumba cha upasuaji. Kabla ya kumsukuma kitanda, muuguzi mmoja mwenye rozari shingoni aligundua kuwa mtandio wa mke wangu umeanguka. Aliuokota, akamfunika nywele zake vizuri, akamnong'oneza jambo, ndipo wakaenda. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Mke wangu hakuwa na nguvu ya kuomba, na mimi sikuwa na akili ya kukumbuka.

Kwa uwezo wa Allah alitoka salama. Alitumia mifuko miwili ya damu. Mtumishi wa maabara aliniomba, kwa upole, nije na ndugu zangu tukarudishe damu hiyo ili akiba isipungue, maana yupo mwingine atakayeletwa kesho. Nikaahidi. Siku ya kuruhusiwa tulipita mlangoni haraka haraka kuwahi usafiri, nami nikisema "Alhamdulillahi" kwa sauti. Yule muuguzi sikumtafuta.

Swali la mke wangu

Tulipofika nyumbani nililipa madeni yangu kwa uangalifu. Mwenye gari nilimlipa. Waliobeba machela niliwapelekea mkungu wa ndizi na maharage. Jirani aliyetuangalizia watoto alipata haki yake. Nikajiona mtu mwema.

Ulipita mwaka na miezi kadhaa. Usiku mmoja, tukiwa tunakula, mke wangu akaniuliza: "Sheikh, mwenye gari ulimlipa, wenye machela ukawalipa. Ile mifuko miwili, je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wa madrasa mara nyingi hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, ambayo maana yake ni kwamba asiyewashukuru watu huwa hakumshukuru Mwenyezi Mungu. Nilikuwa naisoma kana kwamba inawahusu wengine.

Hatuna budi kuizingatia hadithi hii. Baadhi yetu tunadhani kuwa kumshukuru mwanadamu kunapunguza fungu la Allah, kana kwamba shukurani ni kibaba kimoja cha unga, ukimpa huyu, yule anakosa. Qur'ani haitufundishi hivyo. Katika Suratu Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu amemwamrisha mwanadamu amshukuru Yeye na wazazi wake, amri mbili katika maneno mamoja. Na Nabii Ibrahim (A.S.), katika Suratu Shu'araa, aya ya 80, alikiri kwamba anapougua ni Mola wake ndiye Amponyaye. Itikadi yetu ndiyo hiyo: Mponyaji ni Allah peke Yake. Lakini Allah huponya kwa mikono Aliyoichagua, na aliyeuona uponyaji kisha akaidharau mikono, amedharau chaguo la Mola wake.

Je, mshahara hautoshi?

Nilipolitaja jambo hili kwenye baraza baada ya swala, mzee mmoja ninayemheshimu alisema: "Sheikh, wale wanalipwa mshahara na serikali. Wamefanya kazi yao. Shukurani zote ni za Allah." Wengi walitikisa vichwa kukubali, na nadhani wasomaji wengi wangekubali pia.

Nikamjibu kama ifuatavyo. Mshahara hulipa saa za kazi. Hulipa kuchoma sindano, kupima presha, kuandika faili. Kuokota mtandio wa mwanamke wa dini nyingine na kumsitiri, ilhali kila dakika ina thamani, hakumo katika mshahara wowote. Hiyo ni ihsani, na Suratu Rahman, aya ya 60, inatuuliza kama ihsani inaweza kuwa na malipo mengine isipokuwa ihsani. Zaidi ya hayo, hata kwa ile kazi iliyolipiwa, uungwana haufutwi na mshahara. Mwalimu wa watoto wako hulipwa, nawe unamshukuru. Na anayekesha usiku kucha na mgonjwa asiyemjua, akimgeuza, akimsafisha, akimfuta matapishi, anafanya ambayo ndugu wengi wa damu huyakwepa.

Tukumbuke pia kwamba uuguzi una heshima kubwa katika tarehe yetu. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipojeruhiwa, Mtume (S.A.W.) alimwekea hema msikitini ili awe karibu naye kumtazama. Wanahistoria wanamtaja Rufayda al-Aslamiyya (R.A.) kuwa ndiye mwanamke aliyekuwa akiwatibu majeruhi katika hema. Umm Atiyya (R.A.) naye, kama alivyopokea Imam Muslim, alisema alitoka na Mtume (S.A.W.) katika vita saba, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwahudumia wagonjwa. Kazi iliyofanyiwa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) haiwezi kuwa kazi duni.

Na kama si Mwislamu?

Wapo wanaotatizwa na jambo jingine. Mkoani kwetu ukitaja tiba huwezi kuacha kutaja hospitali za makanisa, kama Kabanga ya Kanisa Katoliki kule Kasulu, na Heri ya Waadventista Wasabato. Wazazi wetu wengi walitibiwa huko na wengine walizaliwa huko. Je, Mwislamu humshukuru vipi asiyekuwa wa dini yake?

Jibu tunalipata kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Aliporejea kutoka Taif akiwa amekataliwa na kupigwa mawe, aliyempa hifadhi hata akaweza kuingia Makka ni Mut'im bin Adiyy, mtu aliyekufa bila kusilimu. Baada ya Badri, mateka wa Kikuraishi walipokuwa mikononi mwa Waislamu, Mtume (S.A.W.) alisema, kwa maana ya hadithi iliyomo katika Sahihi Bukhari, kwamba lau Mut'im angekuwa hai na akamwombea mateka wale, angewaachia kwa ajili yake. Tazama, ndugu msomaji! Mtu amekwisha kufa, vita vimekwisha kupiganwa, na fadhila yake haijasahauliwa. Na Suratu Mumtahina, aya ya 8, inatubainishia kuwa Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Ikiwa hatukatazwi kuwaanzia wema, vipi tukatazwe kuwarudishia?

Damu ya mtu nisiyemjua

Muuguzi nilimwona. Yupo mwingine ambaye sikumwona wala sitamwona, naye ni mwenye ile damu. Hapa nchini Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004, na tangu hapo sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari imekuwa ni wanafunzi wa sekondari. Basi pengine aliyemwokoa mke wangu ni kijana wa kidato cha nne aliyenyoosha mkono shuleni kwake, akapewa soda na biskuti, akarudi darasani. Hajui kwamba yupo mama Kasanda anayelea watoto wake kwa sababu yake. Suratu Maida, aya ya 32, inafundisha kwamba aliyeokoa uhai wa mtu mmoja ni kama aliyeokoa uhai wa watu wote. Kijana yule ana ujira huo, inshaallah, nasi tuna deni.

Kwa kuwa familia nyingi husita kutoa damu kwa sababu za kidini, yafaa tuyaweke wazi masuala machache.

La kwanza, je, kutia damu mwilini ni halali, ilhali damu imeharamishwa? Suratu Baqara, aya ya 173, imeharamisha damu na papo hapo ikamvua dhambi aliyefikwa na dharura pasi na kutamani wala kupita mpaka. Wanazuoni wa zama hizi wamejuzisha kumtia mgonjwa damu anapoihitaji, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1988 huko Jeddah, lilijuzisha kumhamishia mgonjwa kile ambacho mwili wa mtoaji hukizalisha tena, likataja damu na ngozi, kwa masharti yake ya kisheria.

La pili, ambalo niliulizwa mlangoni pa maabara na shemeji yangu: mume akimpa mke wake damu, je, ndoa itavunjika, wakawa kama ndugu walionyonya ziwa moja? La hasha. Uharamu wa kunyonya unatokana na maziwa, na katika madhehebu ya Imam Shafi'i ni kunyonya mara tano kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili. Damu haina hukumu hiyo. Iwapo daktari atapendelea mtoaji asiwe mume, itakuwa ni kwa sababu za kitabibu, zinazohusu mimba za baadaye, na asikilizwe.

La tatu, je, yafaa kuiuza? Hapana. Abu Juhayfa (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza thamani ya damu. Damu hutolewa bure kwa ajili ya Allah.

La nne, mtoaji hudhurika? Mtu mwenye afya, mwenye umri wa miaka 18 na zaidi na uzito usiopungua kilo 50, hutoa chini ya nusu lita, na mwili huirudisha. Mwanamume aweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu hupimwa kabla ya kupewa mgonjwa.

Tena tusisahau kuwa elimu hii nayo ni neema iliyopitia mikononi mwa watu. Kabla ya mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alipotangaza ugunduzi wake wa makundi ya damu, kumtia mtu damu ya mwingine kulikuwa ni bahati nasibu iliyoua wengi. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Juni, ndiyo leo Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Bahasha si shukurani

Lazima nionye jambo moja, maana shetani huingilia hata mlango wa shukurani. Miaka ya nyuma, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, niliombwa "chai" kabla mgonjwa wangu hajaonwa, nami nikatoa. Huko si kushukuru, ni rushwa, na aliyetoa na aliyepokea wote wamo hatarini. Mtume (S.A.W.) alighadhibika juu ya mtumishi wake wa zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliporudi akisema fungu hili ni la dola na hili nimepewa zawadi. Akauliza, kwa maana ya hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kama mtu huyo angeketi nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi hiyo ingemfuata huko?

Basi shukurani ya mtumishi wa umma isiwe bahasha. Iwe ni neno lisemwalo mbele ya wenzake, barua kwa mganga mfawidhi ikimtaja kwa wema wake, maoni yaliyotumbukizwa katika sanduku ambalo kwa kawaida hujaa malalamiko matupu. Iwe ni shuka kwa wodi nzima, ndoo na sabuni kwa wagonjwa wasio na ndugu. Na iwe ni dua, kwani tumefundishwa kuwa aliyetutendea wema tumlipe, na tukikosa cha kumlipa tumwombee hadi tuone tumemlipa.

Neno kwa waume

Yapo mazoea ya mwanamume kumfikisha mke wake hospitali, akamwachia mama mkwe na dada, kisha akarudi kwenye shughuli zake, akidhani kuuguza ni kazi ya wanawake. Mwaka wa 2 Hijria, Waislamu walipotoka kwenda Badri, Ruqayya binti ya Mtume (S.A.W.) alikuwa mgonjwa mahututi. Mumewe, Uthman bin Affan (R.A.), aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) abaki Madina amuuguze, na akahesabiwa thawabu na fungu sawa na la waliohudhuria vita. Ruqayya (R.A.) alifariki, na habari za ushindi zilifika Madina watu wakiwa katika maziko yake. Angalieni uzito wa jambo hili: kitanda cha mke mgonjwa kiliwekwa mizani moja na Badri, na thawabu haikupungua kwa kuwa mgonjwa hakupona. Kadhalika shukurani kwa wauguzi isingoje mgonjwa apone. Aliyefiwa naye ana wa kuwashukuru.

Nilikwenda Kibondo wiki ile ile niliyoulizwa swali. Nilitoa damu, na mdogo wangu akatoa, mifuko miwili kwa mifuko miwili, ingawa sithubutu kusema kuwa tumelipa. Kisha nikaenda wodini kumtafuta yule muuguzi. Niliambiwa amehamishiwa mkoa mwingine. Nilisimama pale mlangoni na maneno yangu niliyoyachelewesha kwa zaidi ya mwaka, na hapakuwa na wa kumpa.

Ndugu Waislamu, msisubiri kama nilivyosubiri. Ikiwa katika nyumba yako yupo aliyetoka hospitali akiwa hai, basi kabla ya Ijumaa ijayo rudi huko, au piga simu, au andika barua. Maimamu na kamati za misikiti, zungumzeni na hospitali zilizo karibu nanyi mpange siku ya waumini kuchangia damu, hususan shule zinapofungwa, kwani wanafunzi wakiwa nyumbani akiba hupungua na wagonjwa hawana likizo.

Na wewe dada uliyeuokota mtandio wa mke wangu Kibondo mwaka ule wa 2016, popote ulipo: ahsante sana. Yeye mzima, watoto wazima, na hatukukusahau.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu Awaponye wagonjwa wetu, Awarehemu waliotangulia, Awalipe kheri wote wanaokesha kwa ajili yetu, na Atujaalie kuwa miongoni mwa waja Wake wachache wenye kushukuru. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.